Mti wa kivuli nyanda za juu: anza na jua la saa kumi

Swali la kwanza watu hulipeleka kitaluni: mti gani unakua haraka? Kwa swali hilo utarudi na mlingoti (mkaratusi), na mlingoti karibu na nyumba ni balaa. Kwenye udongo wa mfinyanzi, ambao Iringa upo mwingi, unanyonya maji mpaka ardhi inasinyaa na msingi unacheza. Matawi yake nayo hukatika bila hata upepo mkubwa. Uache shambani.

Anza na jua. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo katikati ya Oktoba, joto likiwa limeshika na mvua bado, jua la mchana linapita utosini. Saa hizo mti hauwezi kulifunika bati lako mpaka matawi yalale juu yake, jambo usilolitaka. Jua linalochemsha vyumba na ambalo mti unaliweza ni la kuanzia saa tisa alasiri, linalopiga ukuta wa magharibi. Mti wa mita 10 ukisimama magharibi, saa kumi jioni mwezi huo kivuli chake kina zaidi ya mita 10 kuelekea mashariki. Huna haja ya kuubananisha na ukuta.

Upande wa kaskazini uangalie kwa makini zaidi. Juni na Julai, baridi ikiwa kali, jua linainamia kaskazini, na mti wa mita 10 unatupa kivuli cha mita 6 hivi kusini hata saa sita mchana. Mti wa majani ya mwaka mzima ukikaa kaskazini karibu na nyumba, umejinyima joto la bure miezi unayolihitaji.

Sasa mti wenyewe. Mwembe unaopendeza Kyela utadumaa Uyole, na mwarobaini vilevile, baridi haiwafai. Mwashoki ni pambo la uzio, kivuli hauna.

Kwa uwanja wenye nafasi chaguo letu ni mringaringa: taji pana, maua meupe, unastahimili mwinuko, na ukizeeka mbao yake ni ya thamani. Mruka ni mzuri zaidi kwa umbo, umetanda juu kama mwavuli na majani yake madogo hupitisha mwanga kidogo, hivyo nyasi chini hazifi. Lakini unataka eneo. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba katikati hakiutoshi. Mjakaranda hupukutika kiangazi kabla ya kuchanua, ila anayevuna maji ya mvua ajue kwamba maua na vijani vyake hujaza mifereji ya paa. Mgrevilea hukimbia kwenda juu lakini ni mwembamba na matawi yake ni mepesi kuvunjika: mzuri kukinga upepo mpakani.

Kwenye kiwanja kidogo, panda mparachichi wa kienyeji uliooteshwa kwa mbegu. Ule wa kubebeshwa huzaa mapema lakini hubaki mfupi. Wa mbegu ndio unaotoa kivuli cha kukalia. Usiuweke panapotuama maji, mizizi itaoza, wala pale unapoegesha gari.

Umbali: miti ya wastani mita 6 kutoka ukutani, mikubwa mita 8 hadi 10. Mkuyu na jamii yake, mita 15 au usipande kabisa. Hesabu hiyohiyo ianzie pia kwenye karo la maji taka, maana mizizi hufuata unyevu na kuingia kwenye mabomba yenye ufa.

Panda Desemba au mwanzoni mwa Januari, mvua ikishashika. Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukitengwa na kuchanganywa na debe moja la samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Chana kiriba (mfuko wa mche) chote, na mizizi iliyojizungusha chini ikate. Ukiiacha itaendelea kujizungusha na mti utaanguka ukiwa mkubwa. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na ardhi. Matandazo yasiguse shina, kwa sababu ya mchwa. Kiangazi cha kwanza, lita 20 mara moja kwa wiki zinafaa kuliko kikombe kila siku. Njombe na Makete, ambako umande huganda, funika mche usiku kwa kichanja cha nyasi Juni na Julai.

Mti ukikua, ondoa matawi ya chini taratibu mpaka mita 2.5. Usikate kichwa: machipukizi yanayotoka kwenye jeraha hujishikiza juujuu tu, na ndiyo yatakayodondoka kwanza.

Nyaya za umeme zikipita magharibi, hapo panda mpichi au mpera. Mti mkubwa usogee kusini-magharibi, hata kama ukuta wako utapata kivuli kwa kuchelewa kidogo.