Siku moja maishani mwangu: mwalimu kwenye kambi ya sayansi ya anga, Malindi

Saa kumi na moja alfajiri. Matroni anawaamsha wasichana, wavulana nawavuta blanketi mwenyewe. Uwanjani bado kiza. Kilimia, kile kishada cha nyota, kiko juu, upande wa kaskazini, na kijana mmoja wa Lamu anasema babu yake hukitazama hadi leo kabla ya kupanda. Kwa macho anahesabu nyota sita. Kwenye darubini anashindwa aanzie wapi. Ndiyo maana nang'ang'ania kambi ya kulala. Kipindi cha fizikia ni mchana, na nyota hazijui ratiba ya shule.

Saa moja, chai na mahamri.

Saa tatu, darasani. Wamekulia mwambao huu huu, lakini wachache wanajua kwamba tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, hapo baharini, ikapewa jina Uhuru. Ilikwenda kutafuta eksirei za angani, ambazo angahewa haizipitishi. Kwa nini hapa kwetu? Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekea mashariki hupata mwendo huo bure, na mbele ni bahari tupu.

Saa tano, roketi za maji. Chupa ziwe za soda. Za maji ya kunywa ni nyembamba, hupasuka. Kizibo cha mpira, vali ya tyubu kuukuu, pampu ya baiskeli, mapezi ya katoni. Kikundi kimoja kinajaza maji mpaka shingoni, eti maji mengi ndiyo nguvu nyingi. Siwakatazi. Chupa inakohoa, inafika kimo cha mlango, inaanguka. Waliotia theluthi moja yao inaruka paa la bwalo, nusura imwangukie mpishi. Ubishi unawaka hadi msichana mmoja anasema: kinachosukuma ni hewa iliyobanwa, na nyinyi hamkuiachia nafasi. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya ubao mzima. Nikayafuta.

Saa tisa nalala, wala sioni haya.

Saa moja na robo usiku, Kituo cha Anga cha Kimataifa kinapita, taa isiyometameta. Mzunguko mmoja ni kama dakika 90, kwa hiyo wanapiga hesabu: saa tatu kasoro robo kitarudi! Nawaambia kitakuwa kivulini mwa dunia, hakitaonekana. Hawaniamini. Matroni amewaruhusu wakeshe mpaka saa tatu wajionee.