Ngoja muamala usome kwanza

Leo mchana nimetoka Ujiji nacheka, ila na hasira kidogo ndani.

Wageni walikuja na kamera, wanatengeneza filamu ya Livingstone na Stanley, waliokutana pale mwaka 1871. Sawa, ni historia yetu pia. Nikajibanza kivulini, naangalia.

Kwanza wakaomba bodaboda iondolewe. Ikaondolewa.
Mzee mmoja mwenye jezi ya Yanga akaombwa asogee. Akasogea, kwa shingo upande.

Kisha mama muuza dagaa akaambiwa aweke simu pembeni.
Mama anapokea hela ya mteja wa Kasulu, bwana! Akajibu bila hata kuinua uso: "Ngoja muamala usome kwanza."

Kazi ikasimama. Mpiga picha, mshika kinasa sauti, mkalimani, wote wanamsubiri mama.
Ujumbe ukaingia. Akausoma taratibu, akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akawatazama:
"Haya. Sasa nifanye umaskini?"

Tulicheka mpaka mkalimani akashindwa kutafsiri.

Ila kilichonikera ni hiki: nilipomuuliza mkalimani kuhusu Susi na Chuma, wale watumishi wa Livingstone, akasema hawamo kwenye filamu. Hawamo vipi? Livingstone alipofariki mwaka 1873, hao na wenzao ndio walioubeba mwili wake kwa miguu, miezi na miezi, hadi Bagamoyo. Filamu nzima hapo, jamani!

Ndugu zangu wa Kigoma na Tabora, kamera ingekuwa mikononi mwenu, mngeanza na nani? Mimi naanza na yule mama.
Semeni hapa chini.