Samadi ya mbuzi kwenye mashamba ya mfereji

Wakulima wa Marigat, Baringo, mnaomwagilia kwa mfereji, samadi ya mbuzi msiitoe zizini na kuimwaga shambani moja kwa moja. Ina chumvi, huunguza miche, na mbuzi waliokula maganda ya mathenge, ule mti vamizi wa miiba, hutoa mbegu zake kwenye kinyesi, watakupandia mathenge katikati ya vitunguu! Irundike kivulini, kimo cha mita 1 hadi 1.5. Nyunyizia maji mpaka ukiifinya iwe na unyevu bila kuchuruzika, geuza kila wiki 2. Miezi 3 hivi inatosha. Kisha weka kilo 1 kwa kila mita mraba, takriban tani 4 kwa ekari, na uichanganye na udongo siku hiyohiyo, kina cha sentimita 15. Ikiachwa juani, naitrojeni, kirutubisho cha mimea, hupeperuka. Mabua makavu ya mahindi usiyafukie peke yake karibu na kupanda: yakioza hunyang'anya mimea naitrojeni.