Mashine ya sukari ya mama: nilianza na stripu

Mashine ya kwanza ya kupima sukari niliyomnunulia mama, hapa Bombo, ilikuwa ya bei poa. Stripu zake, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, ndizo zilizonitoa jasho: zilipoisha nilizunguka maduka ya dawa Kampala mpaka jioni, na za mashine nyingine hazikubali.

Mara ya pili niliulizia stripu kwanza: zipi hazikosekani, kopo la 50 ni shilingi ngapi. Ndipo nikachagua mashine, tena inayosoma kwa kipimo cha mmol/L kama daftari lake la kliniki. Ile ya zamani ilisoma kwa kipimo kingine, mg/dL: ilitoa 126, mama akashtuka, kumbe kwa mmol/L ni 7 (unagawa kwa 18).

Juzi ikaonyesha 15. Alikuwa ametoka kumenya embe, sukari ya tunda imebaki kidoleni! Akanawa kwa sabuni, akakausha kidole, ikasoma 6.8.