Maji moto yakikosa presha, usikimbilie pampu

Kwenye mtaa wetu hapa Section 58, Nakuru, nyumba kadhaa zina tangi la sola juu ya paa, na malalamiko ni yale yale: maji baridi yanatoka kwa nguvu, ya moto yanachuruzika tu. Halafu mtu anaenda kununua pampu. Naomba usinunue kwanza.

Maji yanayoshuka kutoka tangini hupata presha kwa kimo chake. Mita 10 hutoa takriban baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Tangi likiwa mita 2 juu ya shawa, una baa 0.2 pekee, na kichwa cha shawa kilichoziba kitaimeza yote. Kifungue hicho kwanza. Kwa mama mkwe wangu kule Lanet nilikikuta kimejaa ukoko mweupe, mgumu kama kucha. Tulikiloweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi ukabanduka kwa mswaki mkuukuu.

Maji yakikohoa na kukatikakatika, shuku hewa iliyonaswa. Hukaa pale bomba linapopanda kisha kushuka, hasa baada ya maji kupotea na tangi kukauka. Tangi likijaa, acha mifereji ya maji moto wazi mpaka mtiririko utulie. Fundi akija, mwambie alilaze bomba kwa mteremko mmoja.

Na tafadhali, bomba la kupumulia au valvu ya usalama isizibwe kamwe, hata ikidondosha maji. Maji yakipata moto hutanuka, na tangi lisilo na pa kupumulia linaweza kupasuka.