Hapo nyumbani hakuna kijana?

Sendofu ya Rehema imepita salama, shemeji karuhusiwa hospitali, na fedha za kile kikundi chetu zimepatikana. Hayo nitayasimulia siku nyingine. Leo kuna sentensi moja imenikaa kooni kama mwiba wa perege.

Laptopu ilijiapdeti usiku. Asubuhi nafungua ule mfumo wangu wa oda za keki, ramani inasema niko Dodoma. Niko Tegeta jamani, jikoni, unga mpaka viwikoni! Nauli ya bodaboda kwenda Boko hapo jirani ikapigwa kuanzia Dodoma, kilomita zaidi ya 400. Mteja akaniuliza kama keki yake inakuja na SGR.

Nikampigia fundi, yule wa Kariakoo. Hata sijamaliza kueleza:

"Mama, hapo nyumbani hakuna kijana yeyote akusaidie?"

"Kijana wa nini? Laptopu ni yangu."

"Mpe tu, ataona. Kitu kidogo hicho."

Mpe nani? Nimeosha trei nikiisikia hiyo "mpe tu". Kwenye sendofu MC anapiga kelele watu wainuke, mimi niko Kariakoo namjibu fundi majibu makali ambayo siku ile hayakunijia. Baba Neema anasema, "Mwenzio alitaka kukusaidia." Kwa kunitafutia mtu mwingine? Na laptopu yenyewe nimeinunua kwa hela ya keki, anajua.

Basi Ijumaa usiku, watoto wamelala, nikaikalia mwenyewe. Kumbe laptopu nyingi hazina GPS kama simu. Zinaangalia Wi-Fi zilizo jirani, kisha zinakisia uko wapi. Ukizinyima ruhusa, mtandao unakisia kwa anwani yako ya intaneti, na hiyo inaweza kukupeleka mkoa wowote. Kwenye Windows 11 ukiingia Mipangilio, halafu Faragha na usalama, halafu Mahali, swichi kubwa iko juu kabisa. Yangu ilikuwa imezimwa. Nikawasha. Bado Dodoma.

Nikashuka na ule ukurasa mpaka chini. Kuna swichi nyingine, ya programu za kompyuta zisizotoka kwenye duka la Microsoft, na Chrome iko kundi hilo. Nayo imezimwa! Nikawasha. Chrome nayo ina ruhusa yake kwa kila tovuti, pale juu kando ya anwani, nikairuhusu tovuti ya oda. Programu ya kamera nimeinyima ruhusa ya mahali, ijue niliko ili iweje?

Nikafungua ramani upya. Kimshale kikatokea pembeni ya saa, kidoti kikahama Dodoma kikatua Tegeta, karibu na paa la mama Suzi. Nilipiga kigelegele, Baba Neema akatoka na taulo akidhani kuna mwizi. Nauli ya Boko ikarudi ya kibinadamu. Nikala kipande cha keki ya mteja, kile cha pembeni kinachokatwa, nimesimama, najiona injinia.

Nikashika simu nimtumie fundi picha ya ramani. Nikakuta ujumbe wa mwenye nyumba. Safari hii anataka kodi ya mwaka mzima, siyo miezi sita kama tulivyozoea, na hajasema kwa nini. Baba Neema anasema nisijibu mpaka Jumatatu. Jumatatu hela itakuwa imetoka wapi?