Pirque: Nyuzi 25 Alizojifunza Violeta Parra

Siku mbili za Santiago, mji mkuu wa Chile, naziruka. Asubuhi ya tatu nilipanda metro Tobalaba, nikasimama mpaka kituo cha mwisho, Plaza de Puente Alto. Teksi ya kuvuka mto Maipo hadi Pirque ikala pesa kuliko chakula cha siku nzima.

Puente Alto ndiko Violeta Parra, mwimbaji na mshairi wa Chile, mzaliwa wa 1917, alikojifunza guitarrón, gita kubwa la Chile, kwa mwimbaji mzee Isaías Angulo miaka ya 1950, akizunguka kukusanya nyimbo za wazee. Chombo hicho kilikuwa cha wanaume.

Mzee aliyenipokea Pirque alikaza nyuzi saa nzima kabla ya kuimba. Guitarrón ina nyuzi 25. Shingoni ziko 21 katika mafungu matano: 5, 6, 4, 3 na 3, kutoka besi kwenda juu. Nne fupi, wanazoziita diablitos, yaani vishetani, zimekaa pembeni, mbili kila upande. Hazibanwi, hudonolewa tu. Katika fungu moja nyuzi nyingine hupishana kwa oktava, yaani noti ileile ila juu au chini zaidi, kwa hiyo ukiukaza uzi kwa oktava ya juu isiyo yake, unaweza kukatika. Wala usimalize fungu moja ndipo uende la pili: mvuto wa nyuzi zote hupinda ubao, na ulizotangulia kuzikaza zinalegea. Mzee alizunguka mara tatu, kila mara kidogo kidogo. Nikaikumbuka kanuni, ile ala ya tarabu kwetu Unguja, nyuzi zake zaidi ya 70, na mpigaji anayewahi ukumbini viti vikiwa bado vitupu.

Mashairi ndiyo yaliyonishangaza. Ubeti wa waimbaji wa guitarrón, uitwao décima, una mishororo 10 ya mizani 8, sawa na kipande kimoja cha mshororo wetu wa 16! Mshororo wa 1, 4 na 5 una kina kimoja. Wa 2 na 3. Wa 6, 7 na 10. Wa 8 na 9. Nikihesabu kwa vidole napata 9, mara 10. Sababu ni kwamba wao huunganisha irabu maneno yanapokutana: "canto a lo humano", yaani wimbo wa mambo ya kibinadamu, kwetu ni mizani 7, kwao 5. Na mshororo ukiishia kwenye silabi yenye mkazo, huongezewa mizani moja.

Kwa bahari hiyohiyo Violeta aliyatunga maisha yake, pamoja na ndui iliyomshika utotoni. Mzee akaanza upya, polepole, na safari hii vidole vyangu vikafika 8.